Mvi Pekee Hazimfanyi Mtu Kuwa Msuluhishi wa Ndoa

Ndoa ikiyumba, anayeitwa kwanza ni mshenga, shangazi au mzee anayeheshimika mtaani. Basi watu wakaamini kwamba kusuluhisha wanandoa hakusomewi, ni umri tu. Heshima ya mzee ni mtaji mkubwa, lakini mzee aliyezoea kuamua huwahi kutoa hukumu, na msuluhishi hahukumu. Kusikiliza bila kuegemea upande, kuuliza "ilikuwaje?" badala ya "kwa nini ulifanya hivyo?", kutuliza hasira bila kumnyamazisha mtu: haya hujifunzwa kwa mazoezi, chini ya macho ya mwenye uzoefu. Kenya, anayetaka kuwa mpatanishi katika mpango wa mahakama ulioanza Nairobi mwaka 2016 hufunzwa kwanza, kisha huidhinishwa na kamati maalumu.

Dhana inayoumiza zaidi ni hii: msuluhishi hodari ni yule anayewarudisha wanandoa pamoja. Ndiyo inayozaa "vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo", hata kwa mwanamke aliyekuja na jicho limevimba.

Ukweli ni kwamba stadi ya kwanza ya kazi hii ni kutambua hatari. Aliyefunzwa humsikiliza kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha. Huuliza waziwazi: "Leo ukirudi nyumbani, utakuwa salama?" Huangalia pia nani anamtazama mwenzake kabla ya kujibu, na nani hukatizwa kila afunguapo kinywa. Penye kipigo, hapana mazungumzo ya kupatana bei. Mahali pake ni Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Na wanandoa wakiamua kuachana huku wameelewana watoto watakaa wapi na ada italipwa na nani, kazi hiyo haikuwa bure.

Je, lazima uwe mwanasheria? Hapana. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka Baraza la Usuluhishi liwe na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano, na kwa kawaida wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu humo. Wajumbe wengi ni watu wa kawaida wa kata, msikiti au kanisa. Kutunza siri nako hakuhitaji shahada: ya barazani hayapelekwi kwenye kikao cha ukoo.

Ila kuna sheria ambayo mjumbe hana budi kuijua, na hapa mafunzo yetu yamekuwa hafifu mno. Isipokuwa kwa sababu chache, kama mwenzi aliyetoweka asijulikane alipo, maombi ya talaka hayapokelewi mahakamani bila cheti cha baraza kwamba usuluhishi umeshindikana, kilichotolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Mabaraza mengine huandika barua ya mistari miwili na kugonga muhuri. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo wa shauri la talaka kwa kukosekana cheti halali, watu wakaambiwa waanze upya baada ya miaka ya kuhangaika. Kwa hiyo anayejifunza usuluhishi ajifunze pia kuandika: walioitwa, waliofika, kilichosikilizwa, kilichobainika, na, baraza likiona inafaa, mapendekezo kuhusu matunzo, mali na watoto.