Mashine maskini, gemu tamu: tunavyocheza nyumbani Michenzani

Wavamizi wa gemu ya Space Invaders huanza kwa mwendo wa kobe, safu tano za kumi na moja, jumla yao 55. Kadiri unavyowapunguza kwa risasi ndivyo wanavyokimbia, mpaka yule wa mwisho humkamati. Wengi hudhani mtengenezaji alipanga hivyo kusudi akutie joto. Sivyo. Mashine ya mwaka 1978 haikuwa na ubavu wa kuwasogeza wote kwa mkupuo. Prosesa yake, Intel 8080, ilimsogeza mvamizi mmoja tu katika kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye kioo. Wakiwa 55, hatua moja ya kundi zima huchukua fremu 55. Wakibaki watano, fremu tano. Tomohiro Nishikado, aliyeibuni gemu hiyo katika kampuni ya Taito huko Japani, aliliona jambo hilo akaliacha lilivyo, maana lilinoga.

Mimi ni fundi wa televisheni na redio, kazi yangu iko Mlandege, mjini Unguja, na gemu kongwe ndiyo maradhi yangu. Nimezifungua mashine hizi, nimezisafisha, nimezicheza na wanangu, na katika yote hayo nimeshika jambo moja: ukijua mashine ilikuwa maskini wapi, umeshajua namna ya kuishinda. Gemu za leo zina nguvu kiasi kwamba huoni kinachopita ndani. Zile za zamani zilibanwa kila upande, na pale zilipobanwa ndipo pana mlango.

Nikiwa bado kwa wavamizi: kile chombo kinachopita juu kabisa kina alama zinazoonekana kama za bahati nasibu, na nyingi zaidi ni 300. Hapana bahati pale. Mashine inahesabu risasi zako. Kipige kwa risasi yako ya 23 tangu duru ianze, kisha kwa kila ya 15 baada ya hiyo, utapata 300 kila mara. Mwanangu wa kiume huhesabu kwa sauti kama yuko chuo cha Kurani, na mama yake akipita na chai hukatazwa kumsemesha.

Pac-Man ndiyo gemu ninayoipenda kuliko zote, na hapo sina aibu. Ilitoka 1980, kazi ya Toru Iwatani wa Namco: unapita njiani ukila vitone, na vizuka vinne vinakufukuza. Binti yangu, yuko darasa la sita, aliniuliza siku moja, "Baba, hiki kizuka cha waridi kinajuaje ninakokwenda?" Swali lake ni la fundi hasa. Vizuka vinne vile havina akili hata chembe, kila kimoja kina kanuni moja fupi. Chekundu, Blinky, kinakifuata kile kisanduku ulichomo, maana mashine imezigawa njia zote visanduku visanduku. Cha waridi, Pinky, kinalenga visanduku vinne mbele ya uso wako, ndiyo maana kila mara unakikuta kimekutangulia kwenye kona. Inky, wa buluu, anapiga hesabu kutokana na pahala ulipo wewe na pahala alipo Blinky, kwa hiyo akiwa mbali na mwenzake haueleweki mwendo wake. Clyde, wa rangi ya chungwa, anakufukuza mpaka abakishe visanduku vinane, halafu anaingiwa na woga anarudi pembeni kwake chini kushoto.

Sasa itumie kanuni hiyo. Pinky anakuja mbele yako? Usigeuke kukimbia. Mwelekee. Ukimtazama kwa karibu, visanduku vinne mbele yako vinaangukia nyuma yake, naye mara nyingi hukata kona akakuachia njia. Jingine ambalo wachezaji hawalioni: kila kitone unachokula kinakusimamisha fremu moja. Ni kidogo mno, lakini kizuka kikiwa mgongoni, kimbilia njia uliyokwisha kuila. Na ukizidiwa, pita kwenye ile njia ya pembeni inayotokeza upande wa pili wa kioo. Humo vizuka hupunguza mwendo, wewe hupunguzi.

Gemu hiyo haina mwisho uliopangwa, ila ina ukuta. Namba ya duru imehifadhiwa katika baiti moja, na baiti moja haivuki 255. Ukifika duru ya 256, nusu ya kulia ya kioo inajaa takataka za herufi na rangi, na vitone vya kukutosha kumaliza havipatikani. Nimewaeleza wanangu, wameamua ndiko wanakotaka kufika.

Kwa watu wa rika langu hapa Unguja, gemu iliingia kwa zile mashine za kuiga Famicom zilizoletwa na ma-ami na wajomba kutoka Dubai na Maskati, kaseti ya njano imeandikwa gemu 9999. Ukizihesabu kweli zilikuwa chache tu, zimerudiwa kwa majina mengine, au zimeanzishwa katikati ili zionekane ngeni. Famicom yenyewe ya Nintendo ilitoka Japani Julai 1983. Uwezo wake wa kuchora una kikomo kimoja cha kukumbuka: katika mstari mmoja wa mlalo kwenye kioo haiwezi kuonyesha vipande vya picha zinazotembea zaidi ya vinane. Vikizidi, vingine havichorwi, na watengenezaji wakawa wanavipokeza zamu. Ndiyo ile kumetameta unayoiona adui wakijipanga.

Watu huniambia TV imeharibika. TV haina neno. Ila kwenye Contra, gemu ya kupigana kwa bunduki, habari hiyo ni ya uhai wako: risasi isiyochorwa fremu hii bado ipo, na inaua. Kioo kikianza kumetameta, toka kwenye huo mstari, ruka au lala chini, usibaki kutafuta kwa macho. Silaha ni ile ya herufi S, inayomwaga risasi tano kama kipepeo, na ukiwa nayo usiguse nyingine hata ikidondoka puani. Ile njia ya kupata maisha 30, juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, ilitungwa na Kazuhisa Hashimoto wa Konami alipokuwa akiitayarisha Gradius kwa ajili ya Famicom mwaka 1986. Gemu ilimshinda kuijaribu, akajiwekea mlango wa nyuma. Nyumbani kwetu inaruhusiwa kwa walio chini ya darasa la nne.

Tetris, ile ya kupanga vipande vinavyoshuka, ni ya mke wangu. Sisemi haya kwa mapenzi, nasema kwa sababu simfikii. Wakubwa mnakumbuka Desemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima haina umeme kwa takriban miezi mitatu baada ya ule waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka bara kupata hitilafu, na kwa mara ya kwanza tukawaonea wivu Wapemba na majenereta yao. Nilikuwa na Game Boy ya kwanza kabisa, mashine ya mkononi ya Nintendo, ile ya kijivu ya 1989. Betri nne za AA, rangi nne za ukijani, haina taa. Gunpei Yokoi aliyeibuni alikataa kioo cha rangi kwa makusudi, akachukua vitu vya bei nafuu vilivyokwisha kuzoeleka. Mshindani wake, Game Gear ya Sega, ilikuwa na rangi na mwanga, ikala betri sita kwa saa chache tu. Bila umeme wa kuwasha chochote, mashine dhaifu ndiyo iliyobaki hai. Mke wangu, wakati huo mchumba, aliichukua "aijaribu," akawa anacheza Tetris barazani mchana kweupe kwa mwanga wa jua. Nilirudishiwa umeme uliporudi.

Siri yake ni ya hesabu. Katika Tetris ya Nintendo, kufuta mstari mmoja ni alama 40, miwili 100, mitatu 300, minne kwa mpigo 1200, na zote huzidishwa kadiri unavyopanda daraja. Anayefuta mmoja mmoja mara nne ana 160. Basi yeye huacha safu moja ya pembeni wazi, hujenga kwingine kote bila shimo, akingoja kile kipande kirefu. Kikichelewa hapaniki: hufuta mmoja au miwili kushusha lundo, akaendelea kungoja. Mimi huwa sina subira hiyo. Katika toleo la Famicom ya Marekani, ukifika daraja la 29 vipande vinashuka kwa kasi ambayo kwa miaka watu waliihesabu kuwa ndiyo mwisho wa binadamu. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa Oklahoma akavuka mpaka daraja la 157, na mashine ndiyo iliyoganda, si yeye. Habari hiyo tuliisoma mezani wakati wa chakula cha usiku. Mke wangu aliuliza tu alikuwa ameshika pedi vipi.

Msiitupe TV ya chogo. Duck Hunt haichezeki bila hiyo. Bunduki yake haitoi kitu, inapokea: ukibonyeza, kioo kinakuwa cheusi kwa fremu moja, kisha pale alipo bata panachorwa kisanduku cheupe. Jicho la mwanga lililo ndani ya mtutu likiona giza halafu mwanga, umempiga. Likiona mwanga hata kioo kikiwa cheusi, limejua umeilenga taa ya dari. Hesabu hiyo inategemea kioo kinachochorwa papo hapo, mstari kwa mstari. TV bapa huchelewesha picha ili iipambe kwanza, na jicho lile limetegwa kwa mpepeso wa kioo cha zamani, kwa hiyo halioni chochote. Kwa gemu nyingine TV bapa inafaa, ila ingia kwenye mipangilio uweke hali ya gemu na uzime mapambo yote ya picha. Ukiona Mario anaruka nyuma ya kidole chako, tatizo ni hapo.

Sasa mambo ya dukani, maana ndiyo yanayowatia watu hasara. Ndugu aliye Marekani au Japani akikuletea mashine, soma adapta kabla ya kuichomeka. Ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa 120, ukutani kwetu ni 230. Ikiandikwa 100 mpaka 240, chomeka. Vinginevyo tafuta kipunguza volti, au adapta nyingine inayolingana. Na msidanganyike na tundu kuingiana. Adapta ya NES, ndiyo Famicom ya Marekani, inatoa umeme wa mkondo geu (AC), volti 9. Ukiipeleka kwenye Famicom au zile za kuiga, ambazo zinataka mkondo mnyoofu (DC), umeiua. Famicom na Mega Drive ya kwanza ya Sega zina jambo jingine: hasi iko katikati ya tundu, kinyume na adapta nyingi za sokoni.

Picha nayo. Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, bara wao televisheni ilianza 1994, na mfumo wetu ulikuwa PAL, picha 50 kwa sekunde. Mashine ya Japani ni NTSC, picha 60. Kwenye TV ya PAL tupu utaona nyeusi na nyeupe, au picha inapanda juu kama maji. TV nyingi za chogo za miaka ya mwisho zinakubali mifumo yote miwili. Famicom ya Japani pia inarusha kwenye chaneli ambazo TV zetu hazina, basi hapo lazima fundi aitolee waya wa AV. Ni kazi ya alasiri moja. Kama unaweza kuchagua, chukua ya 60. Gemu nyingi zilizohamishiwa PAL kwa haraka zinakwenda pungufu kwa karibu asilimia 17, muziki na kila kitu, na mtu aliyezoea zile hudhani Sonic alikuwa mvivu.

Adui mkubwa hapa kwetu ni chumvi ya bahari. Masika yakiingia, meno ya shaba ya kaseti huota ukijani. Tafadhali acheni kupuliza. Mate ni maji, na maji juu ya shaba ni kutu. Ile kaseti iliyowaka baada ya kupulizwa iliwaka kwa sababu uliitoa ukairudisha. Chukua pamba ya masikioni, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua, iache ikauke. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu. Kaseti zenye kuhifadhi, kama Zelda ya kwanza, zina betri ya kidonge ndani, CR2032; ikifa, safari yako yote imepotea, na kuibadilisha kunataka kuunga kwa risasi iliyoyeyushwa. TV ya chogo yenyewe usiifungue. Mle ndani umeme hufika maelfu ya volti na hubaki hata ukishachomoa.

Watoto wangu wanacheza nini? Mkubwa anataka mpira wa kwenye simu, ule unaokula bando na kila dakika unakuuzia mchezaji. Nimemruhusu kidogo, sikumkataza. Lakini nimeona gemu yenye maisha matatu inapanga zamu yenyewe: ukifa unapisha, hapana wa kugombana naye. Hatuwashi kabla ya chuo na skuli, tunazima adhana ikisikika, na Ramadhani ni baada ya tarawehe tu. Siku za Idi wanakuja binamu zao kutoka Chake, sebule inajaa, na wanaosubiri wanakaa sakafuni wakitoa ushauri usioombwa.

Mama yangu pekee ndiye asiye na zamu. Akitoka chumbani kwake na kusema, "Hebu nipe hiyo bunduki," aliyekuwa anacheza anachomoa kaseti yake, hata kama amebakisha bosi wa mwisho.