Gari Kubwa la Kifahari Likimaliza Matairi Haraka, Kosa Huenda Si la Tairi

Wamiliki wengi wa magari makubwa ya kifahari, kama vile Range Rover, huamini kwamba tairi linaloisha kabla ya wakati ni bovu au bandia, na kwamba dawa yake ni kununua la bei kubwa zaidi. Matairi bandia yapo sokoni, hilo halina ubishi, lakini mara nyingi chanzo ni gari lenyewe. Range Rover ina uzito wa takriban tani 2.5, zaidi ya mara mbili ya Toyota Vitz, na uzito wote huo hubebwa na vipande vinne vya mpira vinavyogusa barabara, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja.

Namna tairi lilivyolika hueleza mengi. Likilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likilika katikati, ulizidi. Likilika upande wa ndani pekee, huenda magurudumu hayajanyooshwa au bushi (vipande vya mpira kwenye viungo vya magurudumu) zimechoka, na hapo hata tairi la dhahabu litaisha vilevile. Kipimo sahihi cha upepo kimo kwenye kibandiko, aghalabu katika nguzo ya mlango wa dereva, wala si ubavuni mwa tairi, ambako huandikwa kiwango cha juu kabisa.

Kubadili tairi moja tu nako si kubana matumizi: gari linalosukumwa na magurudumu yote manne huhitaji kashata (meno ya tairi) zinazolingana, kwa kuwa tofauti ya mzingo wa matairi huilazimisha difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kufanya kazi bila kupumzika.