Nasaba ya Kichocho: Vinasaba vya Minyoo na Konokono vinatwambia nini Unguja na Pemba

Ukiokota konokono katika kijito cha Pemba ukawaweka juani ndani ya vikombe vya maji safi, baadhi yao huenda wakatoa mabuu wadogo mno, wenye mkia uliogawika pacha. Zamani mtaalamu angeandika daftarini kwamba kichocho kipo hapo, akaenda zake. Sasa hatuandiki hivyo mpaka tumesoma vinasaba vya mabuu hao. Wapo wa kichocho cha binadamu na wapo wa kichocho cha ng'ombe, hadubini haiwatenganishi, na Pemba wote wawili wamepatikana.

Nitangulize mzunguko wenyewe. Kichocho cha Visiwani ni cha kibofu. Mnyoo wake, Schistosoma haematobium, uligunduliwa na daktari Mjerumani Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Dume na jike huishi wameshikana ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu cha mkojo. Jike hutaga mayai yenye mwiba, nayo hupenya ukuta wa kibofu na kuujeruhi. Ndiyo damu tunayoiona kwenye mkojo wa mtoto. Mayai mengine hukwama mwilini. Kwa wanawake huweza kuganda katika shingo ya kizazi na kuleta vidonda, maumivu na damu isiyo ya hedhi, na wengi hudhaniwa kuwa na maradhi ya zinaa. Kichocho kikikaa miaka mingi bila kutibiwa, hatari ya saratani ya kibofu huongezeka.

Mkojo ukifika mtoni, yai huanguliwa, na kijibuu kinachotoka kina muda mfupi, takriban siku moja, wa kumpata konokono. Kikimpata huzaliana ndani yake bila kuhitaji dume wala jike, mpaka kimoja kinatoa maelfu. Maelfu hao ndio wanaotoka jua linapopanda, wakapenya ngozi ya anayeoga, anayefua au aliyesimama bondeni akipanda mpunga.

Kwa anayesoma vinasaba, hatua hiyo ya ndani ya konokono ina maana kubwa. Mabuu wote waliotokana na kijibuu kimoja wana vinasaba vilevile na ni wa jinsia moja. Ukichukua mabuu mia kwa konokono aliyeingiwa na kijibuu kimoja, umeuhesabu mnyoo mmoja mara mia. Ndiyo sababu konokono peke yao hawatutoshi tunapotaka kujua minyoo ya shehia fulani, yaani eneo dogo la utawala hapa Zanzibar, ni ya koo ngapi, na kama ni ileile ya shehia jirani. Mayai yaliyomo kwenye mkojo yamezaliwa na dume na jike, kila yai na mchanganyiko wake. Huyaangulia kwenye maji safi, tukakidaka kila kijibuu na kukikausha juu ya karatasi maalumu inayohifadhi vinasaba kwa muda mrefu bila barafu.

Konokono nao wana habari yao. Unguja ilikuwa na jambo lililowashangaza watu: kichocho kilikuwa kingi kaskazini na katikati ya kisiwa, lakini kusini hakikuambukizwa, ingawa madimbwi ya huko yana konokono walio kama walewale. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti, akiwamo David Rollinson wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, waliwasoma vinasaba wakakuta ni spishi mbili. Wa kaskazini ni Bulinus globosus, ambaye hubeba kichocho. Wa kusini ni Bulinus nasutus, ambaye hapa kwetu hambebi mnyoo huyo. Makoa yao yanafanana kiasi cha kumchanganya hata mjuzi. Kumwaga dawa ya kuua konokono katika dimbwi la nasutus kungekuwa kupoteza fedha, na dawa hiyo huua samaki pia.

Kwa ng'ombe mambo ni mazito zaidi. Mnyoo wao, Schistosoma bovis, ulitambuliwa Pemba kwa vinasaba katika miaka ya 2010, ndani ya konokono yuleyule wa globosus anayebeba kichocho cha watu. Maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba uliingia pamoja na mifugo inayoletwa kutoka bara. Hebu fikiria maana yake kwa anayesimamia kampeni. Watu wa shehia wamemeza dawa mara mbili kwa mwaka, kisha konokono wa kijito chao wanakutwa bado wanatoa mabuu. Asiyesoma vinasaba atasema dawa imeshindwa, au watu waliitema. Kumbe mabuu ni wa ng'ombe, ambao hakuna aliyewapa dawa. Kwa maoni yangu, maofisa mifugo na wafugaji wangeingizwa katika kazi hii tangu hatua ya mwanzo, kwa kuwa hao ndio wanaojua ng'ombe yupi kanyweshwa wapi.

Tena minyoo hii miwili ni jamaa wa karibu na huweza kupandana. Ili kumjua chotara tunafanya kama wanavyofanya wazee wetu posa inapoletwa, kuuliza nasaba ya mama na ya baba pia. Sehemu moja ya vinasaba, iliyo nje ya kiini cha seli, hurithiwa kwa mama tu. Iliyo ndani ya kiini hutoka kwa wazazi wote wawili. Upande wa mama ukisema bovis na kiini kikasema haematobium, huyo ni chotara. Machotara hao wamepatikana Senegal na Niger. Mwaka 2013 watu waliooga katika mto Cavu, kisiwani Corsica nchini Ufaransa, waliambukizwa minyoo ya namna hiyo, na vinasaba vikaelekeza Senegal. Uchunguzi uliofanywa Unguja na Pemba haukukuta chotara. Hiyo ni heri, na ndiyo sababu ya kuendelea kuchunguza.

Minyoo yetu ya binadamu nayo ina historia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uligawa haematobium wa Afrika katika makundi mawili: moja limeenea bara zima, na jingine limeonekana katika visiwa vya Bahari ya Hindi na pwani iliyo karibu navyo tu. Jenomu ya haematobium, yaani jumla ya vinasaba vyake vyote, ilichapishwa mwaka huohuo.

Haya yote yana uzito zaidi sasa kwa sababu kichocho kimepungua sana. Mradi mkubwa wa kukitokomeza, uliofanyika kati ya 2012 na 2017 katika shehia 90, nusu Unguja na nusu Pemba, ulikishusha mno lakini haukukimaliza. Kilichobaki kimejikusanya katika maeneo machache. Ugonjwa ukiwa kila mahali, dawa hutolewa kila mahali. Ukibaki sehemu chache, lazima ujue kama kichocho cha shehia hii kinajizalisha hapahapa au kinaletwa na watu kutoka kwengine, maana cha kwanza hutibiwa pamoja na kijito chake na cha pili hufuatwa kule kinakotoka. Minyoo iliyo na undugu wa karibu katika shehia moja huashiria maambukizi ya papo hapo. Tena tunategemea dawa moja tu, prazikwanteli, na vinasaba ndivyo vitakavyotuonesha mapema iwapo mnyoo unaanza kuizoea.

Kwa hiyo timu ya afya ikija skuli au nyumbani kuomba mkojo, hata kama mtoto hana dalili yoyote, tunaomba apewe nafasi ya kutoa. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hivyo mkojo wa muda huo ndio tunaoutaka, si wa alfajiri. Mwambieni mtoto akimbie kidogo kwanza, na asiyamwage matone ya mwisho, kwani humo ndimo mayai yanamopatikana zaidi. Na mwenye ng'ombe anayenywesha katika kijito hichohicho, amwambie aliyeshika daftari.