Jina la Ulemavu Halimwambii Mwalimu Afundishe Nini

Kila Januari shule zinapofunguliwa, mzazi anayemleta mtoto kwenye kitengo chetu cha elimu maalumu hapa Moshi huwa na karatasi ya hospitali mkononi, na katika karatasi hiyo huwa pameandikwa neno moja au mawili: mtindio wa ubongo, usonji (autism), uoni hafifu, ulemavu wa akili. Karatasi ina kazi yake. Humwezesha mtoto kufuatiliwa kliniki, kupata dawa za kifafa ikiwa anazihitaji, kupimiwa miwani au kutengenezewa kiti mwendo kinachomfaa. Lakini mwalimu anaweza kuisoma hadi aikariri na bado asijue Jumatatu asubuhi aanzie wapi. Walimu wa madarasa ya kawaida huniuliza mara kwa mara, "Mwenye usonji anafundishwaje?", na jibu langu huwaudhi kidogo, kwa sababu huwauliza na mimi: anafanya nini sasa hivi, katika mazingira gani, na anakwama wapi hasa?

Tuanze na mtindio wa ubongo, ambao kwa maoni yangu ndio unaoeleweka vibaya kuliko mengine yote. Hii ni athari ya kuumia kwa ubongo ambao bado unakua, iwe kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo ya uhai, na athari yenyewe huonekana kwenye mwendo na mkao wa mwili. Sehemu iliyoumia ndiyo huamua tatizo litakuwa la namna gani. Yupo mtoto ambaye misuli ya miguu imekaza kiasi kwamba magoti hugongana akitembea, lakini mikono yake inaandika vizuri. Yupo mwingine aliyepata manjano kali, yaani ngozi na macho kugeuka njano, katika siku za kwanza za maisha na hakuwahishwa kwenye matibabu ya mwanga. Huyu mara nyingi huumia sehemu za ndani za ubongo zinazoratibu mwendo, hivyo mikono hujinyonganyonga bila yeye kutaka, uso hukunjamana, mate hutoka na maneno hayatamkiki sawasawa, ilhali akili yake inaweza kuwa salama kabisa. Mtaani ndiye huyo huitwa taahira, na kwa sababu ya jina hilo hubaki nyumbani miaka mingi akisikiliza kila kinachosemwa juu yake.

Msichana wa namna hiyo aliletwa kwetu na bibi yake kutoka Old Moshi. "Mwalimu, huyu hasemi wala haelewi," bibi alinieleza baada ya kumwamkia, "sisi tunaomba tu akae na wenzake." Niliweka mbele ya mtoto kadi mbili, moja ya kuku na nyingine ya ng'ombe, nikamuuliza ni yupi anayetupatia maziwa. Kichwa kilizunguka, mkono ukaruka upande usiotakiwa, na kwa muda mrefu hakukuwa na kitu ambacho mtu angeweza kukiita jibu. Kisha macho yakatua kwa ng'ombe na kubaki hapo. Nilibadilisha nafasi za kadi nikauliza tena, na macho yakamfuata ng'ombe upande wa pili. "Kumbe!" alisema bibi, akanyamaza.

Kuna mambo mawili katika zoezi hilo ambayo mwalimu mgeni asingeyaona. La kwanza ni muda. Mtoto huyu huelewa swali mara moja, ila mwili wake unachelewa kutii, na mwalimu anayerudia swali kila baada ya sekunde tatu humlazimisha kuanza upya kila mara. Ninawashauri wenzangu wahesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano kabla ya kusema neno jingine. La pili ni mahali pa kadi. Wale ambao ubongo wao uliumizwa na manjano mara nyingi hushindwa kuinua macho juu, na wengi wana tatizo la usikivu pia, hivyo kadi huwekwa kulia na kushoto usawa wa macho, kamwe si moja juu ya nyingine, na swali huulizwa kwa sauti ya kawaida ukiwa mbele yake. Ukikosea mahali pa kadi, utapima macho yake halafu uandike kwamba umepima akili.

Usikivu nao una undani wake. Walimu wengi hudhani mtoto ama anasikia ama hasikii, kumbe wengi wa watoto wanaonijia wanasikia baadhi ya sauti na baadhi hawazisikii. Kwa upotevu wa kawaida wa sauti nyembamba, irabu humfikia mtoto kwa sababu zina nguvu, lakini konsonanti kama s, f, t na k humpita. Katika Kiswahili, ambacho karibu kila silabi hufungwa kwa irabu, mtoto wa aina hii hupata mdundo wote wa sentensi na kuonekana anafuatilia, huku kwake pata, kata na taka yakiwa ni maneno yasiyo na mpaka kati yake. Akiandikishwa imla utaona makosa ambayo mwalimu huyaita uzembe. Tazama ni herufi zipi zimebadilishana. Zikiwa ni zilezile kila mara, mpeleke akapimwe masikio. Idara ya masikio, pua na koo ya hospitali ya KCMC iko hapa hapa mjini.

Yupo pia mtoto mwenye masikio yanayotoa usaha mara kwa mara. Usikivu wake hupanda na kushuka kufuatana na hali ya sikio, kwa hiyo Jumanne anaitika na Alhamisi haitiki, na hakuna tabia inayomkasirisha mwalimu kama hiyo. Adhabu nyingi zimetolewa kwa ajili ya usaha.

Kutegemea midomo ya mwalimu husaidia kwa kiasi tu. Sauti za p, b na m hutamkwa kwa midomo kufungwa kwa namna ileile, kwa hiyo anayetazama bila kusikia haoni tofauti yoyote kati ya baba na mama. Shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia mtu kusikia, nalo hukuza kila sauti iliyo karibu, pamoja na kelele. Masika yanapoanza, madarasa yetu ya bati lisilo na dari hupigwa na mvua kiasi kwamba hata mimi sijisikii, na mtoto mwenye shimesikio hupokea ngurumo tupu. Siku hizo ninaacha maelezo ya mdomo, nafanya kazi za maandishi na za vitendo, na hili linafaa darasa zima.

Kwa mtoto kiziwi anayetumia Lugha ya Alama ya Tanzania, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili na kifundishwe hivyo. Lugha ya alama ina sarufi yake, haikufuata mpangilio wa viambishi vyetu. Neno moja kama "hatukumwona" limebeba ukanushi, mtenda, wakati na mtendwa, vyote vikiwa silabi fupi ambazo mtoto huyu hajawahi kuzisikia, hivyo akiandika "mimi jana sokoni kwenda" amefikiri sawasawa na anachohitaji ni kufundishwa viambishi kwa jedwali, kimoja kimoja, kama anavyofundishwa mgeni anayejifunza Kiswahili. Kumpa sifuri bila maelezo hakumfundishi chochote.

Kuhusu macho, nitazungumzia zaidi watoto wenye ualbino, kwa kuwa huku kwetu wanajulikana kwa ngozi na macho yao husahaulika. Juhudi za kulinda ngozi ni kubwa, na hapa Moshi hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili yao. Darasani, hata hivyo, kinachomkwamisha ni uoni. Katika ualbino, sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) inayotupatia uoni mkali haikukua kikamilifu, na ndiyo maana miwani humsaidia lakini haimfikishi kwenye uoni wa wenzake. Macho pia huchezacheza bila kukoma. Wengi wao hugundua wenyewe kwamba kuna pembe fulani ambayo, wakiinamisha kichwa hapo, kule kuchezacheza hupungua na maandishi hutulia. Mwalimu asiyelijua hili humwambia mtoto "kaa vizuri, tazama mbele", na mtoto mtiifu hunyoosha shingo, akaacha kusoma. Mwacheni ainamishe kichwa. Mkalisheni upande ambao pembe yake inaelekea ubaoni.

Dawa ya kwanza ya uoni hafifu haina gharama, nayo ni umbali. Mtoto akitoka mita 6 kutoka ubaoni akaja mita 3, herufi huwa kubwa mara mbili machoni pake; akija mita 1.5, huwa kubwa mara nne. Hakuna lenzi ninayoijua inayopatikana kwa urahisi huo. Mruhusu asogee hadi ubaoni, asome, arudi akaandike, na usimwekee dirisha mbele yake, kwa sababu mwanga mkali humwumiza. Ubao uliochakaa na kuwa wa kijivu upakwe rangi nyeusi upya. Nimeona shule ikiomba mashine za kukuzia maandishi kwa wafadhili huku ubao wake ukiwa hausomeki hata kwangu mimi mwenye macho mazima.

Sasa nije kwenye ulemavu wa akili, ambao ndio kazi yangu ya kila siku. Hapa neno moja la kwenye karatasi hupotosha zaidi, maana humfanya mwalimu aandike "hajui kuhesabu" na kuliacha suala hapo. Nina mwanafunzi anayetaja namba kuanzia moja hadi ishirini kwa wimbo, bila kuruka. Nikimwambia "nipe mahindi mawili" hunipa punje mbili. Nikimwambia "nipe matatu" hunipa zote alizoshika. Hayo ndiyo maandishi yanayofaa kuwa katika faili lake, kwa sababu yananionyesha kesho nifundishe nini: namba tatu kama idadi, kwa vitu vinavyoshikika, na kwa kuacha wimbo kando kwa muda, kwani wimbo humpitisha juu ya tatu bila kusimama. Mwalimu anayeona anafika ishirini akamruka hadi kwenye kujumlisha atamkuta mwaka unaofuata palepale.

Katika stadi za kujihudumia, mbinu ninayoitegemea kuliko zote ni kufundisha hatua ya mwisho kwanza. Kufunga kifungo cha shati kuna hatua nyingi: kushika kifungo, kushika ukingo wa tundu, kukiinamisha, kukisukuma, kubadilisha vidole, kukivuta hadi kitoke. Ukianza mwanzo, mtoto hukwama kwenye hatua ya pili na wewe ndiye unayemalizia, kwa hiyo kila mara kazi huishia mikononi mwako. Mimi hufanya yote hadi kifungo kimetokeza nusu, kisha yeye anavuta. Amemaliza yeye. Akishamudu kuvuta, ninarudi nyuma hatua moja, naye anasukuma na kuvuta, na hivyo hivyo kuelekea mwanzo. Nilinunua soko la Memorial koti la mtumba lenye vifungo vikubwa na matundu yaliyolegea, na tunaanza na hilo kabla ya shati la sare. Koti livaliwe; likilazwa mezani mbele ya mtoto, kulia na kushoto vinageuka, na alichojifunza mezani hakimfuati kifuani.

Kuhusu usonji nitasema kwa kifupi, kwani unastahili makala yake. Mtoto anayeziba masikio na kupiga kelele kengele inapolia kwa kawaida ana usikivu unaoumizwa na sauti ile, na kumwonyesha kwa picha kwamba sasa kengele inakuja huleta utulivu kuliko kumkemea.

Mtu atauliza ni lini mwalimu wa darasa lenye wanafunzi wengi atapata nafasi ya kutazama mtoto mmoja kwa namna hii. Ni swali la haki. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma pamoja na wengine, na naunga mkono kwa moyo wote, lakini sheria haikuongeza walimu waliosomea elimu maalumu katika chuo cha ualimu cha Patandi kule Tengeru kiasi cha kutosha kila kata. Ninachopendekeza ni kidogo na kinawezekana: mtoto mmoja kwa wiki, dakika chache wakati wengine wanaandika, na sentensi tatu kwenye daftari zinazosema alichofanya, kwa vitenzi. Baada ya muhula mmoja mwalimu ana kumbukumbu ambayo hospitali haiwezi kumpa. Kwa watoto wanaohitaji nukta nundu, yaani maandishi yanayosomwa kwa vidole, ukweli ni kwamba shule yenye walimu na mashine, kama Mwereni hapa Moshi, bado ni chaguo bora kuliko dawati la nyuma katika shule iliyo jirani na nyumbani.

Daftari hilo lina matumizi mengine ambayo wengi huyakumbuka yakiwa yamechelewa. Mwenye uoni hafifu hutungiwa mtihani wa taifa wa maandishi makubwa, asiyeona hupewa wa nukta nundu, na wote huongezewa muda, lakini hayo hufanyika iwapo mahitaji yao yameandikwa wakati wa usajili. Ukiwa na mtoto wa Darasa la Nne ambaye unashuku haoni vizuri, fungua kumbukumbu zako kabla fomu hazijatumwa, mwite mzazi, mpeleke mtoto kliniki ya macho, na umpe mwalimu wa taaluma taarifa kwa maandishi.