Je, wajua kwa nini mji wa Boulder umezungukwa na nyasi badala ya nyumba?

Ukitoka Denver, jimbo la Colorado nchini Marekani, ukaelekea kaskazini-magharibi, unapita mitaa ya nyumba iliyoungana, kisha nyumba zinakatika. Yanafuata malisho, mashamba na vilima, ndipo unafika Boulder, chini ya Milima ya Rocky. Ardhi hiyo haikubaki wazi kwa bahati. Ilinunuliwa, tena kwa pesa za wakazi wenyewe.

Mwaka 1950 Boulder ilikuwa na watu wapatao 20,000. Kufikia 1970 walikaribia 67,000. Nyumba zilianza kupanda mlimani. Mwaka 1959 wapiga kura wakapitisha sharti la werevu: juu ya kimo cha futi 5,750, yaani kama mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, jiji halitapeleka maji ya bomba. Kujenga hakukukatazwa, ila nani anataka nyumba isiyo na maji?

Sasa, mbona wasipige marufuku ujenzi kila mahali, yakaisha? Kwanza, Katiba ya Marekani inataka serikali imlipe fidia mwenye mali inapoitwaa kwa matumizi ya umma, na marufuku inayomnyima kabisa faida ya ardhi yake inaweza kuhesabiwa kuwa ni kuitwaa. Pili, sheria ya mipango miji ni uamuzi wa madiwani, na madiwani wapya wanaweza kuibadilisha. Ardhi iliyo mikononi mwa umma ni ngumu zaidi kuichezea.

Ndipo mwaka 1967 wakazi wakakubali kwa kura kodi mpya ya mauzo: senti 1 kwa kila dola. Asilimia 40 yake ilitengwa kwa maeneo ya wazi, iliyobaki ikaenda kwenye barabara. Kwa manunuzi ya dola 100, basi, ardhi ilipata senti 40. Ni kiasi ambacho mnunuzi hakihisi, na hata mgeni anayepita dukani anakichangia. Boulder inatajwa kuwa jiji la kwanza Marekani ambalo wakazi wake walijitoza kodi mahususi kwa kazi hiyo. Leo jiji linatunza zaidi ya hekta 18,000.

Si lazima kila shamba linunuliwe lote. Mkulima anaweza kuuza haki ya kujenga peke yake: analipwa, anaendelea kulima, na sharti linasajiliwa pamoja na ardhi ili limbane hata atakayeinunua baadaye. Kwangu mimi huu ndio ujanja mkubwa kuliko yote, maana jiji halibebi mzigo wa kulima wala kufuga.

Gharama yake ipo, na haiko kwenye kodi tu. Viwanja vikiwa haba huku watu wakizidi kuupenda mji, bei za nyumba hupaa. Wafanyakazi wengi wa Boulder hulala miji ya jirani kama Longmont na Lafayette, na kila asubuhi huendesha magari kukatiza malisho yale yale kwenda kazini.