Lenga Kweli, Piga Polepole: Dhana Potofu Ninazokutana Nazo Kwenye Ukumbi wa Arnis

"Mwalimu, huyu ni dada, nitampigaje?"

Nimeulizwa hivyo tena Jumamosi iliyopita, na kijana mwenye adabu zake, ameshika fimbo ya henzirani kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa wenyewe. Mbele yake alisimama mama wa miaka 40 na kitu, glavu mikononi, miwani ya kinga usoni, anangoja pembe ya kwanza, yaani pigo namba moja. Kijana akapiga. Fimbo ikapita shibiri nzima nje ya bega. Mama akainua yake, akakinga hewa. Wakatabasamiana, wakaendelea.

Niliwasimamisha. Nimeliona jambo hilo mara nyingi mno tangu nianze kufundisha arnis, sanaa ya mapigano ya fimbo kutoka Ufilipino, hapa Nairobi, na leo naliandika.

"Mwanamke apigwe pembeni, asije akaumia"

Katika dhana zote hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu inatoka kwenye moyo mwema na ndiyo inayovunja vidole.

Kukinga si kuinua mkono tu. Ni kujua umbali: fimbo ya sentimita 71 ikitoka kwenye mkono ulionyooka inafika wapi, na nikirudi nusu hatua inanikosa kwa kiasi gani. Ujuzi huo hukaa machoni na miguuni, na huingia kwa njia moja: fimbo ije pale ambapo ingekupata kama usingefanya lolote. Ukimlengea mtu nje ya bega mara 200 kwa wiki, umemwambia mara 200 kwamba hapo aliposimama ni salama. Macho yake yanaamini. Mkono unazoea kukutana na fimbo mbali na mwili, na miguu inalala, maana haijawahi kulazimika kusogea.

Halafu siku moja anapangiwa mgeni, na pigo linakuja lenyewe. Anapeleka mkono pale alipozoea, fimbo haipo. Inatua vidoleni. Katika largo, yaani kupigana kwa umbali wa fimbo, vidole ndivyo shabaha yenyewe. Kumng'oa nyoka meno, ndivyo tunavyofundishwa: ugonge mkono ulioshika silaha, silaha itaanguka yenyewe. Kwa hiyo aliyesomeshwa umbali wa uongo hulipa kwa vidole kabla ya kiungo kingine chochote.

Nayajua haya kwa mkono wangu wa kulia. Nilipoanza, nilikuwa mwanamke peke yangu ukumbini, na wenzangu walinitunza kama yai. Miezi 8 hakuna fimbo iliyonigusa. Niliamini nimeiva. Akaja mgeni kutoka klabu nyingine, hakuna aliyemnong'oneza kitu, akapiga pembe ya pili jinsi alivyofunzwa kwao. Mfupa wa kiganja unaobeba kidole cha shahada ukavunjika. Yule kijana aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma, na wenzangu wakamjia juu. Alikuwa hana kosa. Mkono wangu ulianza kuvunjwa miezi 8 nyuma, na watu walionipenda.

Kinachopunguzwa ni kasi. Shabaha haiguswi. Ukipunguza kasi ya fimbo kwa nusu, nishati ya pigo hubaki robo. Robo hiyo ikitua juu ya glavu, mtu atasema "aah", atatikisa mkono, na atakuwa amejifunza kitu. Lenga kweli, piga polepole: wanafunzi wangu sasa hunitangulia kuisema kabla sijamaliza. Mwenzako akikinga mara 10 bila kufumba macho, ongeza kasi kidogo. Akikosa mara mbili mfululizo, shuka. Kanuni ni hiyohiyo kwa mwanamke, kwa mwanamume mgeni, na kwa mtoto wa shule.

Jumamosi ile nilimwambia kijana aweke ncha ya fimbo juu ya bega la mama na kuituliza pale, waone wote wawili umbali wa kweli ni upi. Ilibidi asogee mbele hatua nzima. Hatua nzima! Kisha wakaanza upya, taratibu kama watu walio ndani ya maji. Pigo la tatu likamgusa bega. Mama akatazama fimbo, akatazama miguu yake, akasema, "Kumbe ndiyo inafika hivi." Pigo la nne alilikinga huku mguu wa nyuma ukihama. Hakuna aliyemwambia ahamishe mguu.

Kuna na sura ya pili ya dhana hii: mwanamume anayepiga pembeni vizuri tu hadi mwanamke amguse kifundo cha mkono, halafu anaona aibu na kujibu kwa nguvu zote. Huyo namtoa kwenye zamu papo hapo. Akirudia, atafute mwalimu mwingine.

"Kidole kikikunjika, hakijavunjika"

Hii niliambiwa siku ileile nilipoumia, na mhudumu wa kliniki moja. Alinifunga bendeji, akanipa dawa za maumivu, nikarudi nyumbani. Siku ya 5, uvimbe haujapungua, nikaenda kupigwa eksirei kwingine, na ufa ulikuwa wazi hata kwangu mimi nisiye daktari.

Misuli yenye nguvu inayokunja vidole iko kwenye kigasha, karibu na kiwiko. Zinazoshuka hadi vidoleni ni kano. Mfupa ukipasuka, kano haina habari. Inaendelea kuvuta na kidole kinaendelea kukunjika. Kwa hiyo acha kupima kwa kukunja. Bonyeza mfupa wenyewe kwa ncha ya kidole: ukipata sehemu moja ndogo inayochoma kuliko nyingine zote, tia shaka. Kisha kunja vidole polepole kuelekea ngumi na uangalie kucha. Vidole vyote vinapaswa kuelekea chini ya dole gumba, upande wa kifundo cha mkono. Kimoja kikipanda juu ya jirani yake, au kikijipinda kwenda kwake, ni eksirei leo, si kesho.

Na tafadhali, asikivute mtu. Kila ukumbi una mjuzi anayedaka kidole cha mwenzake akakivuta mpaka kilie. Hajui kama kilichomo ndani ni kiungo kilichoteguka au mfupa uliovunjika, na kwa kuvuta anaweza kuugeuza ufa mdogo kuwa kazi ya upasuaji.

Jeraha jingine linalopuuzwa: ncha ya kidole inainama na haiwezi kujinyoosha, ingawa maumivu ni kidogo. Hapo kano inayonyoosha imekatika au imeng'oka na kipande cha mfupa. Tiba yake kwa kawaida ni gango linalonyoosha ncha hiyo mchana na usiku kwa wiki 6 hadi 8, na ncha ikiinama hata mara moja, unapooga kwa mfano, hesabu inaanza upya. Nina mwanafunzi aliyelivua gango wiki ya 4 kwa sababu ya harusi. Kidole chake kimeinama hadi leo.

"Ukigongwagongwa, mifupa inakomaa"

Unachozoea ni maumivu. Mfupa huimarika kwa mzigo unaoongezwa kidogokidogo kwa miezi, na hauhitaji kupondwa. Anayejigonga vifundo vya vidole kwa fimbo ili akomae anaharibu viungo atakavyohitaji kufungulia kifuniko cha chupa uzeeni. Vua pete pia, mke kwa mume: kidole kikivimba chini ya pete, itakatwa pete au kitaharibika kidole.

"Fimbo ni fimbo"

Kila muhula kuna anayekuja na mpini wa ufagio kutoka soko la Gikomba. Henzirani hutumika kwa sababu shina lake ni zima ndani, halina uwazi kama mwanzi, na likichoka huchambuka nyuzinyuzi. Mpini wa mbao laini hupasuka kwa urefu na kurusha kipande chenye ncha kali, na mara nyingi kwa kimo cha macho. Miwani ile ya plastiki angavu wanayovaa mafundi inapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Bila hiyo hushiki fimbo kwangu, hata kama umekuja kutazama tu na ukashawishika.

"Bila nguvu za kiume huwezi"

Ncha ya fimbo hukimbia kuliko mkono unaoirusha, na kasi hiyo inatoka kwenye nyonga, kiwiko na kifundo cha mkono kilicholegea. Mwanamume aliyejaa kifua akija kwangu, kazi ya mwezi wa kwanza ni kumlegeza vidole, maana anainyonga fimbo hadi kiwiko chake kinauma upande wa nje, kisha ananiuliza apake dawa gani. Sinawali, mazoezi ya fimbo mbili zinazopishana, jina lake limetoka kwa sawali, kuta za Ufilipino zinazosukwa kwa vipande vya mwanzi. Aliyewahi kumtazama bibi akisuka mkeka anaelewa: anayeusuka kwa hasira ataharibu mkeka.

"Hata huko kwao ni ya wanaume"

Si kweli. Ufilipino iliitangaza arnis kuwa sanaa ya mapigano na mchezo wa taifa kwa sheria ya mwaka 2009, na Michezo ya Kusini-Mashariki mwa Asia ya 2019, iliyofanyika hukohuko, ilikuwa na medali za arnis za wanaume na za wanawake.

"Ukiwa kwenye siku zako, usije"

Njoo. Kama tumbo linakuuma sana, pumzika, kama ambavyo ungepumzika kwa maumivu mengine. Mjamzito ndiye nisiyemruhusu kuingia kwenye kupigana.

"Ukiiva utamnyang'anya mwizi kisu"

Wanaonijia na hili huwa wameshaona video. Nawapa fulana nyeupe, nachukua kisu cha mbao ambacho makali yake nimeyapaka rangi nyekundu ya mdomo, na nawapa sekunde 20 waninyang'anye. Mwanafunzi wangu hodari kuliko wote, miaka 6 ya mazoezi, alikishika kisu kweli. Tulipoivua fulana tukahesabu mistari 11, miwili ikiwa shingoni. Na ngeta ya Nairobi, wizi wa kukabwa shingo, huja kutoka nyuma, wako wawili au watatu. Toa simu, toa mkoba, uende. Mazoezi ya kisu yanakufundisha kuona mkono mapema na kuondoka mapema, nami nisingependa mtu ayatumie kwa lingine isipokuwa njia ya kutoka imezibwa.

"Wanawake hawadumu"

Walimu wenzangu husema hivyo kana kwamba wanasoma taarifa ya hali ya hewa. Nami nilikuwa nikisema. Darasa langu lilikuwa Jumanne na Alhamisi, saa 12:30 hadi saa 2 usiku, na wanawake walikuja wiki mbili wakapotea. Nilikuja kumuuliza mmoja. Hakuogopa fimbo. Akitoka kwangu saa mbili anapanda matatu ya Rongai, anafika steji karibu saa nne, na kutoka steji hadi mlangoni kwake ni dakika 15 za giza. Nilikuwa namfundisha kujilinda huku ratiba yangu ikimpeleka gizani mara mbili kwa wiki.

Nilihamishia darasa Jumamosi saa 3 asubuhi. Nikanunua komeo la choo, ambalo kwa miaka yote halikuwepo na hakuna mwanamume aliyeligundua. Kwenye dumog, yaani mieleka ya Kifilipino, na kazi ya corto, yaani ya karibu, ambako watu hushikana mwili, kila mtu husema kwanza: nashika kiwiko, naingia shingoni. Wenye hijabu huja na ile ya kuvuta isiyo na pini, kwa sababu pini ikigongwa huingia. Mgeni wa kike hawi kifaa cha kuonyeshea mitego mbele ya darasa siku ya kwanza. Anapangiwa mtu mtulivu, awe dada au kaka.

Sasa tuko 19, na 8 kati yetu ni wanawake. Bado kuna la glavu. Glavu za ukumbi ni za saizi za wanaume, na glavu pana ni hatari: kidole kinateleza ndani, na kile kipande kigumu cha kinga kinakaa kando ya kifundo badala ya juu yake. Yule mama wa Jumamosi amenipigia simu kuuliza atapata wapi za kumkaa. Nimemwambia atafute za pikipiki zenye plastiki ngumu juu ya vifundo, na azivae akunje ngumi mara kadhaa mbele ya muuzaji kabla hajalipa.