Kishada cha Franklin hakikupigwa na radi

Mtaje Benjamin Franklin, Mmarekani wa karne ya 18, popote na jibu litakuja kabla hujamaliza jina: yule mzee aliyerusha kishada, radi ikapiga ufunguo, akagundua umeme. Makosa matatu kwa pumzi moja, na la katikati linachosha kuliko yote kwa sababu linaweza kuua mtu.

Radi moja hubeba mkondo wa kiasi cha ampea 30,000. Ingekipiga kile kishada, Franklin angezikwa mwaka 1752, si 1790. Alichokitafuta ni chaji iliyomo winguni, ambayo hujitokeza kwenye uzi hata kama radi haijapiga. Maelekezo yake yapo, yalichapishwa tarehe 19 Oktoba 1752 katika gazeti lake mwenyewe, Pennsylvania Gazette, na yameandikwa kifundi kabisa.

Unafunga vijiti viwili vyepesi vya mwerezi viwe msalaba, vifike pembe nne za leso kubwa ya hariri. Karatasi haifai, ikilowa na upepo ukivuma, inachanika. Kwenye ncha ya juu ya kijiti cha wima unakaza waya uliochongoka, uchomoze futi moja au zaidi. Unaweka mkia, kitanzi na uzi. Upande wa mkono, mwisho wa uzi unaungwa utepe wa hariri, na pale vinapokutana ndipo unapofungwa ufunguo.

Picha za vitabuni ndizo zilizoharibu mambo: mzee mwenye mvi katikati ya uwanja, amelowa chapachapa, na kitoto pembeni. Franklin aliagiza mrushaji asimame ndani ya mlango au dirisha, au chini ya paa, utepe usiguswe na mvua, na uzi usiguse fremu. Hariri kavu haipitishi umeme, iliyolowa inapitisha. Utepe ukilowa, chaji inateremka mwilini mwako hadi ardhini. Uzi ukigusa fremu, inapotelea ukutani. Ama hivi ama vile, ufunguo unabaki chuma tu. Na huyo “mzee” alikuwa na miaka 46. “Kitoto” ni William, mwanawe, aliyekwisha kuwa mtu mzima.

Kishada kikifanya kazi, kwanza unaona vinyuzinyuzi vya uzi vimesimama kila upande, vinafuata kidole ukikisogeza. Mvua ikishaulowesha uzi wenyewe, ukipeleka kifundo cha kidole kwenye ufunguo, cheche zinatoka. Kwa cheche hizo unaijaza chaji chupa ya Leyden, yaani chupa ya kuhifadhia chaji, na chupa hiyo inafanya yaleyale inayofanya ikijazwa kwa mashine ya kusugua kioo. Hapo ndipo hoja yote ilipo. Kiswahili kinatupumbaza kidogo, maana neno letu “umeme” ni la angani na la kwenye nyaya pia, tunaona hakukuwa na la kuuliza. Wakati ule lilikuwa swali zito: je, radi na cheche za kusugua kioo ni kitu kimoja? Umeme wenyewe ulishajulikana, na hata cheche za kwanza kutoka winguni zilipatikana Ufaransa, kijijini Marly, tarehe 10 Mei 1752, kwa chuma cha futi 40 kilichosimamishwa kufuata pendekezo la Franklin.

Mwaka uliofuata mwanafizikia Georg Wilhelm Richmann alikufa St. Petersburg kwa jaribio la namna hiyohiyo. Kwa hiyo, mwalimu mpendwa, usiwarushishe wanafunzi kishada mawingu yakitanda. Sugua puto kwenye nywele, inatosha.

Dhana nyingine ya hatari: kinga ya radi huiita radi, heri nyumba ikae bila. Kinga huipa radi njia ya kushuka bila kupitia ukutani au kwenye paa. Almanaki ya Franklin ya 1753 inatoa vipimo: fimbo ya chuma, futi tatu au nne ndani ya udongo wenye unyevu, futi sita au nane juu ya kilele cha jengo, na kichwani waya wa shaba nyeupe wa kama futi moja, unene wa sindano ya kufumia, uliochongwa. Udongo wenye unyevu usiupuuze. Kinga isiyofika ardhini ni mapambo.

Alikuwa rais wa Marekani? Hapana, hata kama sura yake iko kwenye noti ya dola 100. Aliongoza baraza la utawala la jimbo la Pennsylvania, 1785 hadi 1788.

Alibuni kusogeza saa mbele majira ya joto? Barua yake ya 1784 katika Journal de Paris ni mzaha mtupu: madirisha yenye vibao yatozwe kodi, mizinga ipigwe alfajiri Waparisi waamke. Saa hakuigusa.

Nukuu za kwenye stetasi? “Mungu humsaidia anayejisaidia” imo katika almanaki yake ya 1736, lakini ni msemo wa zamani kuliko yeye, na mwenyewe alikiri kwamba nyingi aliziokota kwa wengine.

Na wanaofungua wasifu wake, aliouandika mwenyewe, wakitafuta mapinduzi ya Marekani wanapoteza muda. Aliuanza Uingereza mwaka 1771, akauendeleza Ufaransa 1784 na Philadelphia 1788, akafa hajaumaliza. Simulizi inakomea miaka ya 1750 mwishoni, karibu miaka 20 kabla ya Azimio la Uhuru. Kwa mapinduzi, soma barua zake.